Tasnifu yako ipo, ila haionekani

Jamani, hili nalo limenichosha: "Si mmeshapakia? Google itatafuta yenyewe." Nalisikia kwa wahadhiri, nalisikia kwa wanafunzi wa uzamili, na safari hii limetoka kwenye kikao cha bajeti. Kwa hiyo naandika, mimi mkutubi ninayejaza rekodi za tasnifu (mwandishi, tarehe, lugha, mada) kwenye hazina ya kidijitali ya chuo.

Tuanze na hiyo Google. Google Scholar, ile ya kutafutia kazi za kitaaluma, haisomi tasnifu kama msimamizi wako anavyoisoma (au anavyodai kuisoma). Inategemea vitambulisho vilivyojificha kwenye ukurasa: citation_title, citation_author, citation_publication_date. Mwongozo wao wenyewe unaviomba, tena unasema Dublin Core, mtindo mwingine wa vitambulisho, itumike pale tu njia nyingine zimeshindikana. Vitambulisho hivyo vinatoka wapi? Kwenye rekodi niliyoijaza mimi. Na kama faili lako ni PDF ya kurasa zilizoskaniwa bila OCR (programu ya kugeuza picha kuwa maandishi), ndani yake hamna hata neno moja, kuna picha za maneno. Hapo rekodi ndiyo kila kitu.

Tarehe sitakaa nayo: tasnifu ya 1987 iliyopakiwa 2021 ni ya 1987. Lugha nayo, ukiacha mfumo ujijazie, unaweza kukuta en_US, yaani Kiingereza cha Marekani, kwenye kazi ambayo ni Kiswahili toka ikisiri hadi viambatisho. Badilisha, songa mbele.

Kinachonitoa jasho ni majina. Fomu ya DSpace, programu tunayopakilia, ina visanduku viwili: jina la ukoo, jina la kwanza. Haya, mchukue Asha Hamisi Juma. Hamisi ni baba, Juma ni babu. Ukoo uko wapi hapo? Mmoja anajaza "Juma, Asha Hamisi", mwingine "Hamisi, Asha". Jarida la nje linamwandika "Juma, A. H." Akishapata shahada ya uzamivu, katibu wa idara anambandika "Dkt." mbele ya Asha. Kwa mashine hao ni wanawake wanne wasiojuana, na machapisho yake yamegawanywa kati yao. Kazi yangu ni kuchagua umbo moja, kuyaelekeza mengine huko, na kumsihi mwenyewe afungue ORCID, namba ya kumtambulisha mtafiti, ambayo ipo tangu 2012 na mtafiti halipi hata senti.

Kuchagua lipi, sasa? Kanuni za RDA, za kuandika rekodi za maktaba, zinataka jina ambalo mtu anajulikana nalo zaidi. Sawa. Ila yeye kajiandika hivi kwenye ukurasa wa mbele, vile kwenye tamko, na kwenye barua pepe ana jina la mume. Nikimpigia simu ananijibu, "Lolote tu, dada." Mimi hufuata ukurasa wa mbele, na sidhani kama naweza kulitetea hilo mbele ya mtu anayeijua taaluma kunizidi. Ninalitetea kwa kuwa ni lazima kitu kiandikwe.

Kwa Ngũgĩ wa Thiong'o angalau mjadala umeshafungwa: anaingia chini ya Ngũgĩ, hapinduliwi, na vitabu vya miaka ya 1960 alivyovitoa kwa jina la James Ngugi vinaelekezwa kwake. Lakini hata yeye ana kizungumkuti. Ile ũ inaweza kuwa herufi moja, U+0169 kwa msimbo wa kompyuta, au ikawa u ya kawaida iliyofuatwa na alama ya juu, U+0303. Kwa macho huoni tofauti. Mfumo ambao haukuwekewa kanuni ya kuzisawazisha unaona majina mawili.

Na ritifaa! Ukiandika ng'ombe, kibodi inakupa ritifaa iliyonyooka. Word inaipindisha bila kukuuliza. Rekodi za Maktaba ya Bunge la Marekani mara nyingi zina ya tatu, U+02BC, ambayo kompyuta inaihesabu kuwa herufi kabisa. Mwanafunzi wa mifugo anatafuta ng'ombe, anapata sehemu tu ya zizi, anakwenda kumwambia msimamizi wake kwamba hakuna tafiti. Watu wa TEHAMA watakwambia hilo lilisharekebishwa. Jaribu mwenyewe: itafute kwa ritifaa iliyonyooka, kisha iliyopinda, ulinganishe idadi ya majibu. Ukimaliza, fanya hivyo hivyo kwa ng'ambo na ng'ong'o.

Akili mnemba? Naitumia. Ikisiri inazifupisha vizuri tu. Nikaipa majina manne ya Asha, ikanihakikishia kwa adabu nyingi kwamba ni watu watatu.

Ninapoyumba mwenyewe ni kwenye vichwa vya mada, yale maneno rasmi ya kutaja kazi inahusu nini. Tunafuata orodha ya Maktaba ya Bunge, ambayo ni ya Kiingereza, kwa hiyo tasnifu kuhusu unyago inawekwa chini ya Puberty rites. Msomaji akiandika unyago, anaambulia zile zenye neno hilo kwenye anwani au ikisiri. Basi mimi huongeza unyago kama neno huru, uga wa 653 kwa wanaotumia MARC, muundo wa rekodi za maktaba. Mwenzangu wa meza ya pili anasema navuruga udhibiti wa maneno ya mada: leo unyago, kesho mtu ataandika kuchezwa, keshokutwa mwali, na baada ya muda tutakuwa na vichaka vitatu vya mada moja. Ana hoja, na sina jibu lake. Lakini kumbukumbu za utafutaji naziona, na hakuna anayeandika Puberty rites.