Kiki ya filamu Tanga inaanzia barazani

Maprodyuza wengi wakinitafuta wanakua wameshaamua tayari, wanataka kiki, yaani kituko cha kufanya watu waiongelee filamu. Filamu imekamilika, trela ipo, hela imebaki kidogo, sasa tufanye kiki gani watu wa Tanga wajae? Na kiki yenyewe wanayoiwaza ni ile ile, mwigizaji mkuu asingiziwe kaachika, au itoke posti kwamba kapata ajali yuko mahututi, halafu baada ya siku mbili waseme jamani ilikua filamu. Mi kazi yangu ni promo, nazunguka na filamu hapa mjini na huko Pangani na Muheza, na kiki naipenda sana tena sana, ila kiki ya kudanganya watu kwa Tanga itakuletea maneno tu, mtu wa kutoa kiingilio haji.

Kiki sio kitu cha juzi wala hakijaanza na Insta. Mwaka 1920 huko New York kulikua na mtu wa promo anaitwa Harry Reichenbach, kapewa filamu ya Tarzan aitangaze. Akampeleka mtu hotelini akajiandikisha kwa jina la T. R. Zann, anasema yeye ni mtu wa mambo ya piano na piano yake ni kubwa lazima ipandishwe kwa kamba ipitie dirishani. Wakaipandisha. Baadae mgeni akaagiza chakula chumbani, nyama mbichi kama kilo saba, hapo ndo hoteli ikagundua ndani ya lile boksi hakuna piano, kuna simba. Polisi hao, waandishi hao, na kila gazeti lililoandika habari ya simba likaandika na jina la mgeni, ukilitamka kwa sauti tu unajua filamu gani inatangazwa.

Halafu akaja William Castle, huyu ndo ninayemfundisha kila kijana anayefanya kazi na mimi. Mwaka 1958 alitoa filamu ya kutisha, Macabre, akakata bima kwa Lloyd's ya London kwamba mtazamaji yeyote atakayekufa kwa hofu akiwa ukumbini familia yake inalipwa dola 1,000. Mwaka uliofuata akafunga kiunzi cha mifupa kwenye waya, ikifika sehemu fulani ya filamu kinapita juu ya vichwa vya watu. Angalia tofauti yake na yule wa simba. Simba alishangaza mji, watu wakasoma gazeti wakalikunja. Castle alimpa mtazamaji mwenyewe kazi, yaani ukinunua tiketi umeingia kwenye lile jambo, una bima, umepitiwa na mifupa kichwani, kesho una cha kwenda kusimulia kazini. Mimi nikipima kiki yoyote naangalia hapo tu, huyu mtu wa Makorora, mtaa wa hapa Tanga, akitoka hapa anabaki na kitu cha kumwambia jirani yake au habaki nacho.

Sasa rudi kwenye ile ya mahututi. Tanga watu wanajuana bana. Ukiposti saa mbili asubuhi kwamba fulani kapata ajali, saa tatu shangazi yake wa Chumbageni ameshapigiwa simu analia, saa nne kuna watu wameanza kuchanga hela ya hospitali, na hao wanaochanga ndo hao hao uliokua unataka waje kuangalia filamu. Mtu aliyetoa hela yake na machozi yake kwa jambo la uongo hakusamehei kwa sababu trela ni kali. Na kuna sheria pia ambayo watu wa filamu wengi hawaisomi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16 kinahusu kutoa taarifa za uongo kwa lengo la kupotosha umma, faini yake haipungui milioni 5 au jela isiyopungua miaka mitatu au vyote pamoja. Kwa hiyo hata ile mbinu ya kubandika matangazo ya mtu kapotea wakati hajapotea, huko Marekani iliwatoa watu mwaka 1999 na filamu yao ya msituni, The Blair Witch Project, lakini hapa usiiguse.

Ngoja niwape kiki iliyofanya kazi nikiwa naiona kwa macho. Ilikua filamu ya wavuvi, imepigwa kwenye maeneo ya hapa hapa mjini, Deep Sea, Makorora na Ngamiani. Wageni wakija Tanga kitu cha kwanza kinachowashangaza ni Ngamiani mitaa inaitwa kwa namba, barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu, unaenda hivo hivo namba zinapanda, na mtu wa Ngamiani anajitambulisha kwa namba yake, mi wa barabara ya nane, mi wa kumi na mbili. Nikamuomba msaidizi wa prodyuza mapema kabisa, kabla hata hawajamaliza kupiga picha, kila mtu wa mtaani anayetokea kwenye filamu hata kama anapita tu kwa nyuma, aandikwe jina, namba ya simu na barabara anayokaa, apigwe picha na asaini karatasi kwamba karidhia uso wake utumike, na apewe chochote. Hiyo karatasi usiiruke.

Tulipofika wakati wa promo hatukutengeneza posta moja ya sura ya staa. Tulitengeneza posta za mitaa. Sura kubwa ni ya mtu wa mtaa huo, juu maandishi makubwa BARABARA YA 12 YUMO, chini tarehe, ukumbi na kiingilio, basi. Ya kumi na mbili ilikua ya mama mmoja fundi cherehani, kwenye filamu anapita na ndoo ya maji hata sekunde mbili hazifiki, lakini pale kibarazani kwake ilipobandikwa ile posta watoto wakaanza kumuita staa, wateja wanaleta vitambaa wanauliza mama nawe umo, unafanya nini humo, anawajibu njooni mkaone sitoi siri. Sikumfundisha mimi hilo jibu. Kufika Alhamisi tukampa kitabu cha tiketi auze pale pale kwenye cherehani yake kwa kamisheni.

Barabara ya 11 wakaja juu, kwanini sisi hatuna mtu. Ukweli hawakua na mtu kabisa, ila kuna sehemu mhusika anakimbia na nyuma yake inaonekana nyumba ya kwao, mlango wa kuchonga na baraza ndefu. Tukawabandikia posta haina sura, BARABARA YA 11, TAFUTENI NYUMBA YENU. Ubishi ulioanzia hapo sijui niuelezeje, nyumba ya nani, ya marehemu nani, mlango ule mbona uling'olewa, hapana ule mwingine. Wazee wa drafti wakanunua tiketi ili waende kumaliza ubishi. Hakuna neno la uongo tulilosema, nyumba ilikuwemo kweli.

Tiketi za kila mtaa tulizipa rangi yake, na tukatangaza mtaa utakaonunua nyingi filamu itarudi kuoneshwa kwao bure, shuka kubwa ukutani, kwa ajili ya wale ambao hawawezi kufika ukumbini, wazee na kina mama wenye vichanga. Hilo la mwisho muhimu kuliko zawadi ya fulana, fulana ananufaika mmoja.

Kitu kingine ninachokitumia ni kahawa. Jioni baada ya magharibi nenda baraza lolote utamkuta muuza kahawa na dele lake la shaba, makaa chini, anagonganisha vikombe ka ka ka watu wanajua kafika. Yule mtu kwa usiku mmoja anapita mabaraza mengi kuliko gari lako la spika, na anaongea na watu wanaomuamini. Mi naongea nae mchana, nanunua dele zima la kwanza pamoja na kashata, kwa bei yake kamili bila kumuombea punguzo, halafu yeye akifika barazani anagawa anasema kahawa ya leo imelipiwa, ya filamu ya Deep Sea, Jumamosi. Anasema hivo tu. Watu wataulizana wenyewe, na kama kuna maswali anayajibu kwa sababu nimeshamuonesha trela kwenye simu yangu. Ukilinganisha gharama na bango moja la barabarani utashangaa, na bango halijibu swali.

Kuna historia hapa ya mkoa wetu ambayo nasikitika vijana wa filamu hawaijui. Vugiri, huko juu Korogwe, kati ya 1935 na 1937 kulikua na mradi wa Waingereza wa kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika, wakatengeneza filamu 35, za kilimo, za afya, za kuweka akiba posta, waigizaji ni watu wa huku huku, halafu wanazipakia kwenye lori wanazunguka nazo kuonesha. Nia yao ilikua ya kikoloni, kumuelekeza mtu mweusi aishi vipi, hilo silitetei hata kidogo. Ila kule kupeleka filamu kwa watu na lori lenye mashine yake ndo tunachokihitaji mpaka leo, maana kumbi zile za zamani kama Majestic enzi zake zimepita, huwezi kukaa mjini ukasubiri mtu wa Tongoni apande gari aje. Pikapu, projekta, jenereta, spika mbili, shuka, unaenda.

Na ukienda kwa wavuvi angalia mwezi. Hili mtu wa Dar haliwazi kabisa. Wavuvi wa dagaa wanavua kwa taa, mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, kwa hiyo zile siku za mbalamwezi wengi wako nchi kavu, wamepumzika, wanashona nyavu. Ukipanga onesho lako usiku wa giza unaonesha kwa watoto tu, baba zao wako majini. Ila pia siku za mbalamwezi mifuko mitupu, basi weka kiingilio cha chini au muuzie tiketi mapema wakati wa giza hela ipo. Mnadani pia pana nafasi, dalali wa samaki akishakua rafiki yako kati ya fungu na fungu anakurushia neno moja, sauti yake watu wanaisikiliza kwa sababu ina hela ndani.

Mechi za Mkwakwani nazitumia kwa uangalifu. Coastal ikicheza na timu kubwa za Dar mji wote uko pale, na watu wana kiburi chao cha ubingwa wa 1988 mpaka kesho, lakini usichapishe nembo ya klabu kwenye posta yako bila makubaliano, ongea na uongozi. Matarumbeta nje ya geti yanatosha, yapige muziki wa filamu yenyewe. Huu ni mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vya zamani, watu wana masikio, ukipita na spika inapiga wimbo ule ule unaopigwa kila bodaboda hakuna atakayegeuka.

Kanga je? Kanga ni nzuri kama filamu ina sentensi ya kweli ya kuandikwa chini. Kama huna hiyo sentensi acha, mwanamke wa Tanga hajifungi tangazo.

Vibali kwa haraka. Filamu na kibali chake na daraja la umri kutoka Bodi ya Filamu, hiyo inatoka kwenye sheria ya 1976, usioneshe hadharani kabla. Jiji kwa mabango na spika, polisi kwa mkusanyiko, mwenyekiti wa mtaa kwa kila mtaa unaoingia, huyu muone ana kwa ana usimtumie kijana. Zima spika ukikaribia msikiti wakati wa swala na ukipita eneo la Bombo hospitali. Ramadhani pumzika, jipange kwa Idd, Idd pili ndo siku watu wanatoka na familia na hela ipo.

La mwisho ni wale vijana wa vibanda wanaoweka muvi kwenye flash. Maprodyuza wanawachukia, naelewa, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo na hakimiliki ni haki yako kisheria, kuna sheria yake ya 1999. Ila wao ndo wanajua kila nyumba inaangalia nini. Mi kabla ya uzinduzi nawafata kibandani, nawapa trela waiweke bure kwenye kila flash inayopita, nawapa tiketi wauze kwa kamisheni nono kuliko wanachopata kwa kuchoma nakala moja, na nawakaribisha na wake zao siku ya kwanza, viti vya mbele. Sijasema hakuna atakayeiiba. Nasema aliyekaa kiti cha mbele na jina lake likasomwa ukumbini mara nyingi ndo anakupigia simu wiki ya pili, bro kuna jamaa wa kibanda cha pili ana nakala yako, njoo tuongee nae.