Jicho linalotiririka machozi laweza kuwa jicho kavu
Wengi huamini kwamba jicho linalotokwa na machozi haliwezi kuwa kavu, na kwamba maradhi ya kope ni ya nadra. Yote mawili si kweli. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2009, madaktari wa macho walikadiria kuwa asilimia 37 ya wagonjwa wao walikuwa na uvimbe wa kingo za kope. Wataalamu wa kupima macho walitaja asilimia 47.

Kwenye ukingo wa kope, nyuma kidogo ya mashina ya nywele zake, mna vitundu vya tezi zinazotoa mafuta, na mafuta hayo hutanda juu ya machozi yasikauke upesi. Tezi zikiziba, mafuta huwa mazito kama dawa ya meno, machozi hukauka kabla mtu hajapepesa tena, na jicho lililosumbuka humwaga machozi mengi mepesi yasiyodumu. Ndiyo maana mgonjwa hujifuta kutwa nzima huku akihisi mchanga machoni, na inasikitisha kwamba wengi huvumilia hali hiyo kwa miaka. Kitambaa safi chenye uvuguvugu, kikiwekwa juu ya kope zilizofumbwa kwa dakika 5 hadi 10, husaidia kulainisha mafuta hayo.