Zebaki, sangara na rangi zinazong'aa: dhana potofu kuhusu vitambuzi vya metali ndani ya seli

Pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, ambako dagaa, sato na sangara hupimwa na kupakiwa tangu alfajiri, habari za zebaki hazikosekani, kwa kuwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita huitumia kunasia dhahabu, na mnunuzi wa samaki ana haki ya kuuliza mabaki yake huishia wapi. Nilimsikia kijana mmoja akiwahakikishia wenzake kwamba siku hizi ipo dawa ambayo, ikidondoshewa samaki, palipo na zebaki huwaka kijani. Dawa za jamii hiyo zipo kweli, nazo huitwa vitambuzi vya fluoresensi: ni rangi ambazo watafiti huziingiza ndani ya seli, na mwanga wake hubadilika zinaposhika metali. Lakini sentensi yake moja ilibeba makosa kadhaa yanayostahili kufumuliwa.

La kwanza ni hilo neno kuwaka. Wengi hudhani kwamba vitambuzi hivi hutoa mwanga vyenyewe kama kimulimuli, ambaye mwanga wake hutokana na mmenyuko wa kemikali mwilini mwake. Kitambuzi hakina mwanga wake: lazima kimulikwe kwanza, kifyonze mwanga wa mawimbi mafupi, kisha kiurudishe ukiwa na mawimbi marefu zaidi, kama alama za noti zinavyojitokeza mwenye duka anapoiweka chini ya taa ya urujuanimno. Fura-2, rangi ya kupimia kalisi iliyotangazwa mwaka 1985 na watafiti Grynkiewicz, Poenie na Tsien, humulikwa kwa mawimbi ya nanomita 340 na 380, na hurudisha mwanga wa nanomita zipatazo 510.

Dhana iliyoenea zaidi, na ambayo hata wanafunzi wa maabara huiangukia, ni kwamba mwanga ukiwa mwingi basi metali ni nyingi. Ndani ya seli, metali iliyo nyingi imeshikwa na protini na molekuli nyingine, na kitambuzi huona hasa ile iliyo huru au iliyoshikwa kwa ulegevu. Zinki yote ya seli ya mamalia hufikia mamia ya maikromola kwa lita, ilhali iliyo huru kwa kawaida haifiki hata nanomola moja, na nanomola ni sehemu moja ya elfu ya maikromola. Kwa hiyo seli iliyojaa zinki inaweza kuonekana kama haina kitu. Kalisi nayo, seli inapotulia, huwa karibu nanomola 100 tu katika saitoplazimu, yaani ute wa ndani ya seli, wakati nje ya seli ni milimola moja au mbili, yaani takriban mara elfu kumi zaidi. Juu ya hayo, mwanga hutegemea pia kiasi cha rangi kilichoingia, unene wa seli na nguvu ya taa, mambo ambayo hayahusiani na metali kabisa. Thamani ya Fura-2 ilikuwa hapo hasa: kalisi inapoishika, mwanga unaochochewa na nanomita 340 huongezeka na ule wa nanomita 380 hupungua, hivyo mtafiti akigawanya kimoja kwa kingine, athari za kiasi cha rangi na unene wa seli hufutika kwa sehemu kubwa. Kitambuzi ambacho huongeza tu mwanga bila uwiano wa aina hiyo kinaweza kuonyesha kwamba jambo limebadilika. Kukitumia kutaja idadi ni kukitwisha mzigo usio wake.

Giza nalo si ushahidi kwamba metali haipo, maana shaba na chuma, katika hali zake za ioni zenye elektroni pweke, yaani zisizo na mwenza, mara nyingi huzima mwanga wa rangi badala ya kuuamsha.

Hadithi ya kitambuzi kinachoijua metali moja tu haina msingi imara. Fura-2 huishika zinki kwa nguvu kuliko inavyoishika kalisi, ndiyo maana watafiti waangalifu huongeza TPEN, kemikali inayonyakua metali nzito na kuiacha kalisi, ili waone kama mwanga utabadilika. Baadhi ya vitambuzi vilivyojengwa juu ya rodamini, jamii nyingine ya rangi zinazong'aa, ambavyo pete ya atomi iliyomo katika molekuli yao hufunguka metali inapofika, huitikia shaba na zebaki pia.

Wengine huamini kwamba rangi hutazama tu bila kuigusa seli. Lakini kila molekuli ya rangi iliyoshika kalisi imeiondoa kwenye matumizi ya seli. Quin-2, iliyotangulia Fura-2, mwanga wake ulikuwa hafifu hata ikalazimu kuingizwa kwa wingi, na wingi huo ulidhoofisha mabadiliko yaleyale yaliyokuwa yakitafutwa. Hata njia ya kuiingiza ina gharama: rangi huvishwa esta, kifuniko cha kikemikali, ili ipenye utando wa seli, na vimeng'enya vinapoivua ndani ya seli hutoka fomaldihaidi, ileile iliyomo kwenye fomalini.

Turudi kwa sangara wa yule kijana. Sangara aliye mezani si seli hai chini ya hadubini, na hilo peke yake lingetosha kuliangusha dai lake. Zaidi ya hapo, zebaki iliyo nyingi katika nyama ya samaki mla samaki ni methilizebaki, iliyoshikamana na salfa ya protini kwa nguvu kubwa, wakati vitambuzi vingi vya zebaki vimeundwa kwa ajili ya ioni ya zebaki isiyo na kaboni. Anayetaka kujua kiasi huchukua kipande cha mnofu, hukiyeyusha kwa asidi kali na joto mpaka protini zote zivunjike, kisha huibadilisha zebaki kuwa mvuke baridi na kupima ni mwanga kiasi gani wa nanomita 253.7 atomi zake zimefyonza.