Gouda changa haikuomba divai nyekundu

Jumamosi iliyopita, kabla hata sijamaliza kupanga meza yangu sokoni huku Karen, Nairobi, kijana mmoja alinijia na nusu kipande cha gouda, bado kimefungwa kwa karatasi yangu. "Mama, hii jibini yako ni chungu." Nikakata kona, nikaonja. Tamu. Maziwa, siagi, na kwa mbali kitu kama karanga, vilevile ilivyotoka rafuni ikiwa na wiki sita. Nikamuuliza aliila na nini. Akajibu kwa fahari kidogo: divai nyekundu, nzito, ile ya bei. Kwani jibini huliwa na nini?

Huyo ni wa nne mwezi huu. Nimechoka kuyarudia maneno yaleyale huku foleni ikinisubiri, kwa hivyo leo naandika, na kuanzia sasa kila atakayeuliza nitamtumia makala haya.

"Jibini na divai nyekundu" tumeikariri kama "chai na mandazi". Tuliiona kwenye filamu na kwenye sinia za hoteli, tukaamini. Ajabu ni kwamba Waholanzi wenyewe, ambao mji wao wa Gouda ndio ulioipa jibini hii jina, huiweka changa juu ya mkate asubuhi wakinywa kahawa au maziwa. Jioni huikata vipande vya mraba, wakavichovya kwenye haradali na kushushia bia. Sisi tumeikuta meza imeandaliwa, tukaleta chupa ambayo hakuna aliyeiagiza.

Lakini kwanza tuelewane kuhusu neno moja, maana nusu ya ugomvi wangu na wateja hutoka hapo. Mtu anafika ananiambia anataka jibini "laini". Laini ya kidole au laini ya ulimi? Camembert iliyoiva unaweza kuipaka kwa kijiko, lakini ladha yake inanuka zizi (nasema hivyo kwa mapenzi). Gouda changa, kinyume chake, inahitaji kisu, na bado ni pole kama uji. Mozzarella ni laini kwa maana zote mbili. Ninachozungumzia leo ni jibini pole, ile isiyopiga kelele mdomoni, hata kama ni ngumu mkononi. Na wale mnaoiita chizi, endeleeni tu, ingawa kwa Kiswahili mtu akisema anauza chizi sokoni nitamwonea huruma huyo chizi.

Sasa, divai. Divai nyekundu nzito ina tanini nyingi. Tanini ndiyo inayoleta ukakasi, ule ule wa ndizi mbichi au wa bibo: inashikana na protini za mate, mate yanapoteza utelezi, ulimi unakuwa kama kitambaa kikavu. Ukila jibini, tanini inapata protini na mafuta mengine ya kung'ang'ania, kwa hivyo divai inaonekana imelainika. Hiyo ni kweli kabisa. Na hapo ndipo maelezo ya wengi huishia: divai imependeza, basi ndoa imefungwa.

Hakuna anayemuuliza bibi harusi! Divai imefaidika, jibini imepata nini? Gouda ya wiki sita ina harufu chache na zote za chini. Tunda zito, pombe na mbao za pipa vikiingia, zile harufu zinafunikwa zote. Mafuta yakishameza­wa, kinachobaki ulimini ni uchungu wa divai, na mlaji anamshtaki aliye karibu, yaani mimi. Jibini iliyokaa mwaka na zaidi, ile yenye chembe zinazolia chini ya meno, ina chumvi na kina cha kujibu. Changa haina. Ni kumpeleka mtoto wa chekechea kwenye mdahalo wa bunge.

Upole huo haukuja kwa bahati mbaya. Tunapotengeneza gouda, maziwa yakishaganda na kukatwa, tunapunguza sehemu ya maji yake na kuweka maji ya moto mahali pake. Laktosi, yaani sukari ya maziwa, inaoshwa, bakteria wanabaki na chakula kidogo, na uchachu unakosa nafasi ya kupanda. Kwa hivyo usishangae ikiwa haina ukali; tumeuosha sisi wenyewe kwa makusudi.

Ukishajua hivyo, kuchagua kinywaji si kazi tena. Kilete kile kilichooshwa: uchachu, au gesi, au uchungu mdogo unaokwangua mafuta ulimini bila kuzidi sauti. Bia ya lager baridi inafanya kazi hiyo bila kujisifu. Juisi ya ukwaju isiyojazwa sukari ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Pasheni pia. Ukilazimika kunywa divai, chukua nyeupe yenye uchachu na isiyonuka mbao, kama Sauvignon Blanc. Maziwa lala mimi siwezi, ni kama kumwoa binamu.

Chaguo langu mwenyewe, hata hivyo, ni turungi. Chai ya rangi, bila maziwa, bila sukari.

Najua utakachosema: chai nayo si ina tanini? Ina, na hii yetu ya majani yaliyosagwa chembechembe inaitoa haraka sana. Tofauti ni kwamba chai unaiamuru wewe. Iache dakika mbili badala ya tano, na unabaki na ukakasi wa kutosha tu kuusafisha ulimi. Haina pombe, haina tunda la kupigana na maziwa, na juu ya yote ni ya moto. Mafuta ya jibini yanalegea kwa joto, na harufu zilizokuwa zimejificha ndani yake zinatoka. Kunywa funda baada ya kutafuna, si kabla. Chai ya maziwa haiwezi kazi hii, kwa sababu kaseini, ile protini ya maziwa, imeshaikamata ile tanini ndani ya sufuria, na unachoongeza ni maziwa juu ya maziwa.

Nadharia nzuri. Basi niwaambie ukweli wake. Niliwahi kuwaita majirani, nikawafunga macho kwa leso, nikawapa gouda ileile kwa turungi na kwa chai ya maziwa. Wengi wao walichagua chai ya maziwa, tena yenye sukari. Nimekulia Limuru, ambako chai ilipandwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1903, na nyumbani tulikunywa turungi kila mara maziwa yalipouzwa yote. Siwezi kuapa kwamba ninachokionja ni kemia na si utoto wangu.

Kwa chakula nitakuwa mfupi. Itoe kwenye friji nusu saa hadi dakika arobaini na tano kabla ya kula. Ya baridi haina ladha, na Julai hapa Nairobi ipe saa nzima. Ndizi mbivu, ndiyo. Embe, ndiyo, asali tone moja tu. Chapati ikitoka kwenye kikaango, ikunje na gouda ndani na usiniulize lolote. Jira inaipenda sana, na Waholanzi huitia ndani ya jibini yenyewe. Kachumbari yenye kitunguu kibichi, hapana: hata saa mbili baadaye utakuwa unaonja kitunguu. Makadamia wanaisifu, mimi naona ni mafuta juu ya mafuta.

Nanasi sasa. Hapa nakiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kuandaa vitafunio vya harusi, nami nikaamka alfajiri nikachoma vijiti mia mbili: mchemraba wa jibini mbichi, mchemraba wa nanasi. Vilipendeza. Kufikia saa tisa alasiri, hotuba zikiwa bado zinaendelea, jibini ilikuwa imelegea pale ilipogusana na nanasi na imekuwa chungu, chungu kweli, si ule uchungu wa kusingiziwa. Shangazi wa bwana harusi alitema kwenye leso akinitazama usoni.

Mpishi yeyote wa mishkaki angenionya. Papai bichi hulainisha nyama kwa sababu lina kimeng'enya kinachokata protini, na nanasi bichi linacho cha kwake, bromelaini. Jibini nayo ni protini. Kaseini ikikatwa vipande vidogo, baadhi ya vipande hivyo ni vichungu. Nanasi la mkebe halina shida hiyo, maana limepashwa moto na kimeng'enya kimeharibika, lakini mimi nalipitisha nanasi bichi kwenye kikaango kikavu mpaka kingo ziwe za kahawia, nalisubiri lipoe, halafu ndiyo nachoma vijiti.

Yule kijana nilimkatia kipande kingine bure, nikammiminia turungi kutoka kwenye chupa yangu. Akatafuna, akanywa, akanyamaza. Akatafuna tena. Kisha akaniuliza kama nina sukari.