Tofali la moto si tofali la kuchoma

Nenda duka la vifaa vya ujenzi useme unataka tofali la moto. Aghalabu utaonyeshwa rundo la matofali mekundu ya kuchoma. Muuzaji hana kosa kubwa, majina yenyewe yanafanana. Ila tofali la kuchoma limepita motoni mara moja tu, likiwa bichi, ili ligeuke gumu la kujengea ukuta. Tofali la moto limetengenezwa liishi motoni.

Tanuri langu la kwanza la kufulia visu nililijenga kwa yale mekundu. Haikufika nusu saa, moja likapasuka kwa kishindo na kipande chake kikatua juu ya fuawe, hatua mbili kutoka niliposimama. Tofali hilo huchomwa kwenye nyuzi 900 hadi 1,000 hivi, lina vinyweleo vinavyokunywa maji, na maji yakigeuka mvuke ghafla hutafuta njia kwa nguvu. Tofali la saruji ndilo baya zaidi; usilisogeze kabisa karibu na moto wa namna hii. Chuma cha kufua huiva kwenye rangi ya chungwa hadi njano, yaani nyuzi 1,000 hadi 1,200, na ukitaka kuunga vipande viwili kwa nyundo unakaribia 1,300.

Kinachohimili joto hilo ni udongo wenye alumina na silika kwa wingi, na uchache wa vitu vinavyoufanya uyeyuke mapema kama chokaa. Wahaya wa Kagera waliujua kwa mikono: tanuri zao za kuyeyushia chuma walizijenga kwa udongo wa kichuguu pamoja na mavi ya chuma ya zamani, yaani takataka zinazobaki chuma kikiyeyushwa. Mchwa alikuwa ameshawachagulia udongo.

Sasa, tofali la moto lenyewe ni la aina mbili, na hapa ndipo pesa za watu hupotea. Kuna gumu, zito, la kama kilo 3.5 kwa kipimo cha kawaida cha milimita 230 kwa 114 kwa 64. Kuna laini, jeupe, lenye vitundu kama mkate, ambalo kwa ukubwa uleule halizidi sana kilo moja. Likwaruze kwa ukucha, litaacha alama. Msumeno wa mbao unalikata. Ukiyashika yote mawili dukani utaapa lile zito ndilo la kazi.

Si lazima. Lile zito huvumilia moto, lakini halizuii joto kupita. Hulinywa kwanza, kisha hulitoa nje. Ukilijengea tanuri la gesi, mtungi utakuwa unapasha ukuta joto muda mrefu huku chuma chako kikibaki chekundu cha kiza. Lile laini limejaa hewa, na hewa iliyofungwa ndani ndiyo inayokuzuilia joto.

Kwa hiyo uliza kwanza unawasha nini. Kwenye mkaa, moto uko ndani ya makaa na chuma unakifukia humohumo. Kazi ya tofali ni kuyazuia makaa yasitawanyike na kustahimili kugongwa na koleo. Gumu linafaa, na kusema kweli hata udongo wa kichuguu uliokandwa vizuri unatosha. Kwenye gesi, ukuta ukishaiva ndio unaokirudishia chuma joto, basi jenga kwa laini. Huuzwa kwa namba: 23 ni la hadi nyuzi 1,260, na 26 hadi 1,430 hivi. Kwa visu tu, 23 litakutosha. Ukipenda kuunga chuma, lipa zaidi uchukue 26, na sakafuni weka kipande chembamba cha gumu, kwa sababu boraksi, ule unga unaonyunyiziwa chuma wakati wa kukiunga, ikiyeyuka hulila lile laini mpaka likabaki shimo.

Viungo usizibe kwa saruji ya kawaida, haiwezi joto hilo. Tumia udongo wa moto, ule unaouzwa kwa ajili ya matofali hayo. Na ya bure kutoka kiwandani uyaogope usipojua yalikuwa tanuri gani: baadhi ya yale yaliyotumika kwenye tanuri za saruji yana kromiamu, na vumbi lake ni sumu. Hata la matofali mapya usilivute. Kata ukiwa umevaa barakoa.

Siku ya kwanza washa moto mdogo tu, nje, penye hewa.  Matofali na udongo wa viungo bado vina maji. Zima, subiri, washa tena moto uleule mdogo. Vikishakauka kabisa, fungua gesi.