Vinposetini na usahaulifu wa wazee

Dada mmoja wa Langoni, Lamu, aliniletea kichupa alichotumiwa na nduguye aliyeko Marekani. Ni vidonge vya vinposetini, vya kupeleka damu kwenye ubongo, ampe Bi Mkubwa wao ambaye siku hizi anasahau. Nimeyaandika maswali yake kwa faida ya wengine.

Vinposetini ni nini?
Hutengenezwa maabara kutokana na vinkamini, kemikali inayopatikana katika majani ya Vinca minor, mmea wa Ulaya. Wahangaria walianza kuiuza kama dawa miaka ya 1970. Marekani huuzwa kama kirutubisho, bila cheti cha daktari.

Si lile ua la rangi ya waridi lililo uani kwetu?
Silo! Hilo ni Catharanthus roseus, asili yake Madagaska. Ni jamaa, lakini ndimo zinamotoka vinkristini na vinblastini, dawa kali za saratani zinazoweza kushusha chembe nyeupe za damu. Nauliza kwa uchungu: majani yale niliyoyaona yameanikwa kwenye ungo, juu ya dari, ni ya kumchemshia nani? Tafadhali yamwageni.

Vidonge vinarudisha kumbukumbu?
Ushahidi hautoshi. Hata ginkgo, mmea mwingine unaosifiwa kwa ubongo, ulijaribiwa Marekani kwa wazee 3,069, miligramu 120 mara mbili kwa siku. Matokeo yalitoka 2008: haukuzuia ugonjwa wa kusahau.

Vina madhara?
Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba vinposetini inaweza kuharibu mimba au kumdhuru mtoto tumboni. Mwanamke anayeweza kushika mimba asiiguse. Anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, naye amwulize daktari kwanza.

Basi Bi Mkubwa nimfanyie nini?
Apimwe presha na sukari, maana hizo ndizo zinazoharibu mishipa ya ubongo polepole. Muulizeni daktari pia kuhusu tezi ya shingo na upungufu wa vitamini B12. Zote huleta usahaulifu, na zinatibika. Lakini mdomo ukipinda ghafla, mkono ukalegea au maneno yakamkwama, hicho huenda ni kiharusi. Msingoje asubuhi, tafuteni boti usiku huo huo.

Nilikwenda kumwamkia Bi Mkubwa mwenyewe, nikampima presha pale barazani. 172 kwa 104. Vidonge vyake vya presha vilikuwa kwenye kabati, nyuma ya chetezo, tangu Ramadhani hajavigusa kwa kuwa alijiona mzima. Jioni ile alimeza cha kwanza.