Si Mnyororo Peke Yake: Dhana Potofu Kuhusu Picha za Utumwa

Wengi wetu tuliokulia Kigoma tuliujua utumwa kwanza kwa macho, kupitia mchoro wa kitabu cha historia: mateka wamefungwa miti yenye panda shingoni, mwenye bunduki yuko pembeni. Mchoro umezoeleka, na makosa katika kuusoma yamezoeleka pamoja nao.

Wengi hudhani kwamba mchoraji aliyaona aliyoyachora. Michoro kadhaa maarufu ya misafara ya watumwa ya Afrika Mashariki, ukiwemo ule wa mateka anayeuawa kwa shoka, ilitoka katika shajara za David Livingstone zilizochapishwa London mwaka 1874, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Matukio si ya kubuni: mauaji ya sokoni Nyangwe, kando ya mto Lualaba, tarehe 15 Julai 1871, Livingstone aliyashuhudia mwenyewe, na ndiyo yaliyomfanya arudi Ujiji. Hata hivyo, nyuso na mikao ni kazi ya mafundi waliokuwa Uingereza, waliomchorea msomaji wa huko ili ashtuke na kuhurumia.

Dhana ninayoiona nzito zaidi ni kwamba pasipo mnyororo wala mjeledi hapana utumwa. Mfaransa Jean-Baptiste Debret, aliyeishi Brazil kuanzia 1816 hadi 1831, alichora mlo wa mchana wa mume na mke katika nyumba ya matajiri. Watumwa wamesimama wakihudumu, na bibi mwenye nyumba anampa kitoto cha Kiafrika, kilicho uchi kando ya meza, kipande cha chakula chake. Hakuna anayepigwa. Lakini mkono huo unaolisha ndio unaomiliki, na mtoto anafundishwa mapema kwamba shibe yake inategemea hisani ya bibi huyo. Kwa maoni yangu, mchoro huo unaeleza mamlaka kwa kina kuliko picha nyingi za damu. Kwetu, mavazi yalifanya kazi kama hiyo: Unguja, kaniki ilikuwa vazi la wanawake watumwa, na baada ya utumwa kufutwa wengi wao waliiacha, wakajifunga kanga.

Si kweli pia kwamba kila aliyechorwa na pembe ya ndovu begani alikuwa mtumwa. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi waliopita Tabora walikuwa watu huru waliolipwa ujira, mara nyingi kwa vitambaa.

Tena, picha za kamera zinazosambazwa kwenye simu, za watu wenye minyororo shingoni, si zote za biashara ya watumwa. Baadhi ni za wafungwa wa serikali ya Wajerumani, na anayezibandika maelezo yasiyo sahihi humwondolea lawama aliyewafunga watu hao. Kosa hilo ni rahisi kufanyika kwa sababu enzi ya utumwa na enzi ya Wajerumani ziliingiliana: Wajerumani waliitawala Tanganyika na kuondoka bila kuufuta utumwa wote, nao ulifutwa kisheria mwaka 1922, chini ya Waingereza.